Kuongeza miaka ya lizi ya fleti England na Wales: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa misibani, harusini na kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa huku, mara nyingi na mtu ambaye benki imeshamrudisha mlangoni. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi hali za pembeni. Jibu lililokwisha kutolewa silirudii, nataja tu namba ya swali lake. Yote yanahusu England na Wales. Scotland haimo, maana kule fleti huuzwa kwa umiliki kamili.

## Msingi

1. Nimenunua fleti kwa pesa zangu. Kwa nini ina mwisho?

Kwa sababu ulichonunua ni haki ya kukaa humo kwa muda uliotajwa. Inaweza kuwa miaka 99, 125, au hata 999. Karatasi inayotaja muda huo ndiyo lizi. Ardhi na jengo vina mwenyewe, ambaye anaweza kuwa mtu binafsi, kampuni, halmashauri au shirika la nyumba. Humu namwita mwenye ardhi. Lizi ikiisha, fleti inamrudia yeye.

Aliyetoka nyumbani jambo hili halimshangazi sana. Tanzania, hati za viwanja vya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na Kenya ardhi nyingi ya mijini iko chini ya lizi ya miaka 99. Ila kule anayesubiri mwisho wa muda huwa ni dola. Huku mara nyingi ni kampuni ya biashara, na kila mwaka unaokatika kwako unaongezeka thamani kwake.

2. Nitajuaje imebaki miaka mingapi?

Usikisie, na usihesabu kuanzia siku uliyonunua. Ingia kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, uchukue nakala ya rejista ya fleti yako kutoka Masjala ya Ardhi. Tangu Desemba 2024 nakala moja inauzwa pauni 7. Ziko tovuti nyingine zinazouza karatasi hiyohiyo kwa bei mara kadhaa ya hiyo, zipite.

Ukiifungua, tafuta mstari unaotaja muda. Utakuta kitu kama "miaka 99 kuanzia tarehe 24 Juni 1986". Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu aliyenunua mwaka 2005 anasema, "Nina miaka 99 tangu 2005." Sivyo. Saa ilianza kugonga Juni 1986 na itasimama Juni 2085. Ukifanya hesabu katikati ya 2026, imebaki miaka 59.

Kwa fleti zilizonunuliwa kutoka halmashauri chini ya haki ya mpangaji kununua, lizi kwa kawaida ni ya miaka 125. Lakini mara nyingi fleti zote za jengo moja hufuata tarehe ya yule wa kwanza kununua. Jirani aliyenunua mwaka 1984 anaweza kuwa ndiye aliyeweka mwisho wa lizi yako.

3. Kwa nini kila mtu anataja miaka 80?

Kama jioni hii una nafasi ya kusoma jibu moja tu, basi lisome hili.

Fleti yenye lizi fupi ina bei ndogo kuliko fleti ileile yenye lizi ndefu. Ukiongeza miaka, thamani inapanda. Mawakili huita ongezeko hilo "thamani ya ndoa", kwa kuwa limezaliwa baada ya haki yako na haki ya mwenye ardhi kuunganishwa. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2002, ikiwa siku unayotoa notisi, yaani barua rasmi ya kudai nyongeza (swali la 11), imebaki zaidi ya miaka 80, ongezeko hilo huhesabiwa kuwa sifuri. Ikiwa imebaki 80 kamili au pungufu, nusu yake unamlipa mwenye ardhi, juu ya malipo mengine yote.

Kwa hiyo mtu mwenye miaka 80 na miezi 3 na mwenzake mwenye miaka 79 na miezi 9 wanaweza kukaa ngazi moja, mlango kwa mlango, na wakalipa bei zinazopishana kwa maelfu ya pauni. Hesabu yenyewe iko swali la 8.

Haya yamenipitia mwenyewe. Lizi yangu ilikuwa na miaka 81 na ushei nilipomuuliza wakala wa jengo. Akanijibu kwamba hakuna haraka, watu huongeza wanapotaka kuuza. Pesa nilikuwa nayo, nikaituma nyumbani ikaezeke nyumba. Nilipokuja kumwita mthamini, alifungua rejista, akaandika kwenye pembe ya karatasi "79.6", akaipigia mstari mara mbili, kisha akanitazama. Hakuhitaji kusema neno.

4. Nisipofanya chochote itakuwaje?

Kwa miaka ya mwanzo hutahisi kitu. Baadaye fleti inakuwa ngumu kuuza, kwa sababu wakopeshaji wengi huanza kusita lizi ikishuka chini ya miaka 80, na ikishuka chini ya 70 milango mingi inafungwa. Mnunuzi anayebaki ni mwenye pesa taslimu, naye atakupa bei anayoitaka yeye.

Lizi ikiisha kabisa, hutupwi nje usiku huo. Kama fleti ndiyo makazi yako, sheria ya mwaka 1989 inakuruhusu kuendelea kukaa kama mpangaji wa kawaida, kwa kodi ya soko. Lakini nyumba uliyoilipia maisha yako yote haitakuwa tena mali ya watoto wako.

## Haki yako

5. Ninaomba hisani au nina haki?

Una haki. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye lizi ya fleti haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, mwenye ardhi apende asipende. Ukiwa na miaka 75, unatoka na 165. Sharti kubwa ni kwamba lizi ilipotolewa mwanzo iwe ya zaidi ya miaka 21, na karibu kila fleti iliyouzwa inatimiza hilo. Si lazima uwe unakaa humo, hata fleti uliyopangisha inahesabika.

Wapo wachache wanaobaki nje, kwa mfano walio ndani ya majengo ya National Trust au uwanja wa kanisa kuu la dayosisi, na baadhi ya nyumba za mashirika ya hisani. Mali ya Taji nayo ina utaratibu wake.

6. Nimeambiwa lazima nisubiri miaka 2 tangu ninunue. Kweli?

Ilikuwa kweli. Sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Sasa unaweza kutoa notisi mara tu jina lako linaposajiliwa kuwa mwenye lizi. Ukisoma makala ya zamani au ukiongea na mtu aliyeongeza mwaka 2019, atakupa jibu la zamani. Kipengele cha usajili kina kona yake, tazama swali la 16.

7. Kodi ya ardhi ninayolipa kila mwaka itaendelea?

Ukipita njia ya sheria, inakwisha. Lizi mpya itataja kodi ya "punje moja ya pilipili manga". Ni lugha ya kisheria ya Kiingereza tangu zama ambazo viungo vilikuwa mali: lazima itajwe kodi fulani, basi inatajwa isiyo na thamani. Kwa maneno mengine, sifuri. Ada ya huduma, yaani usafi wa ngazi, bima ya jengo na ukarabati wa paa, inabaki kama ilivyokuwa.

Kwa lizi mpya za nyumba zinazotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022, sheria imekataza kutoza kodi ya ardhi ya zaidi ya punje hiyo. Ukikubaliana na mwenye ardhi nje ya utaratibu wa 1993, kodi ya zamani inaweza kuendelea kwa miaka iliyokuwa imebaki, kisha miaka iliyoongezwa iwe ya pilipili.

## Bei

8. Nitalipa kiasi gani?

Malipo anayopewa mwenye ardhi yana mafungu matatu. Watu wa Dar na Unguja watayatambua kama aina ya kilemba, ile pesa ya mkupuo anayopewa mwenye nyumba, ila hiki kina kanuni.

Fungu la kwanza ni fidia ya kodi ya ardhi atakayoikosa. La pili ni fidia ya kusubiri: angeipata fleti lizi ikiisha, sasa atasubiri miaka 90 zaidi. La tatu ni nusu ya thamani ya ndoa, na hili linaingia ikiwa tu miaka ni 80 au pungufu.

Tuchukue fleti ambayo ingeuzwa pauni 300,000 kama lizi yake ingekuwa ndefu. Kodi ya ardhi ni pauni 100 kwa mwaka, haipandi, na imebaki miaka 75. Kodi ya miaka 75 ikirudishwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia 6 kila mwaka inafikia kama pauni 1,650. Kwa fungu la pili, wathamini hutumia asilimia 5 kwa fleti, kiwango kilichotokana na kesi ya Sportelli. Pauni 300,000 za miaka 75 ijayo, zikirudishwa hadi leo kwa asilimia 5 kila mwaka, ni kama pauni 7,725. Hadi hapo tuko kwenye pauni 9,400 hivi.

Sasa ndoa. Mthamini anasema kwa lizi fupi iliyopo fleti inafaa pauni 270,000. Fleti ikirefushwa ni 300,000. Toa 270,000, toa na zile 9,400 za mwenye ardhi, inabaki takriban 20,600. Nusu yake ni 10,300. Jumla inakaribia pauni 19,700.

Rudi nyuma miaka 6. Fleti ileile, kodi ileile, miaka 81. Fungu la kwanza linabaki kama 1,650. La pili linashuka hadi 5,765 hivi. La tatu ni sifuri. Jumla ni kama pauni 7,400. Kuchelewa miaka 6 kumegharimu zaidi ya pauni 12,000.

Hesabu hii ni ya kukupa picha. Mthamini wako ana marekebisho madogo ya kufanya, na mvutano mkubwa huwa juu ya namba moja: fleti ina thamani gani *kwa lizi fupi iliyopo*. Wako atasema 275,000, wa mwenye ardhi atasema 262,000, na humo katikati ndimo pesa yako ilimo.

Kama kodi yako ya ardhi inapanda maradufu kila miaka 10, fungu la kwanza linaweza kuwa kubwa kuliko yote. Hapo kikokotoo cha mtandaoni kitakudanganya, mwite mthamini kabla ya yote.

9. Mbali na hayo malipo, kuna gharama gani nyingine?

Wakili wako na mthamini wako. Halafu, jambo linalowaudhi wengi, unalipia pia gharama za kiasi za wakili na mthamini wa mwenye ardhi: kuhakiki notisi, kuthamini fleti na kuandika lizi mpya. Sheria ya 2024 imekusudia kuliondoa hili, soma swali la 10 kabla hujalitegemea.

Neno la kushikilia ni "za kiasi". Bili ya upande wa pili si amri, unaweza kuipinga mbele ya baraza linaloamua migogoro ya lizi (swali la 13). Na gharama zao za kesi yenyewe mbele ya baraza hulipi.

10. Nasikia sheria mpya itafuta thamani ya ndoa na kutoa miaka 990. Nisubiri?

Sheria hiyo ipo, ilipitishwa tarehe 24 Mei 2024. Imeweka nyongeza ya miaka 990 badala ya 90, imefuta thamani ya ndoa, na imesema kwa kawaida kila upande ubebe gharama zake. Lakini sheria kupitishwa ni jambo moja, vifungu vyake kuanza kutumika ni jingine. Vifungu vya bei havikuanza siku ile. Vinahitaji kanuni za ziada, zikiwemo za viwango vya asilimia vitakavyotumika kukokotoa. Baadhi ya wamiliki wakubwa wa ardhi walikwenda Mahakama Kuu kuipinga, na Oktoba 2025 wakashindwa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili wako liwe hili: vifungu vya bei vimeshaanza kutumika leo? Akisema ndiyo, hesabu ya swali la 8 inabadilika. Akisema bado, mimi naona hivi.

Una miaka 85 au zaidi, na huna mpango wa kuuza: kusubiri kuna mantiki, mradi tarehe yako ya miaka 80 umeiandika mahali unapoiona. Una 81 au 82: usicheze na ahadi ya serikali, toa notisi. Uko chini ya 80 na unauza au unabadili mkopo: huna pa kusubiri. Uko chini ya 80, hudaiwi na mtu na hutoki: unaweza kuvuta subira ukitumaini fungu la tatu litafutwa, lakini jua kwamba fungu la pili linakua kila mwaka unaosubiri.

Kuongeza sasa hakukufungii kuongeza tena baadaye.

## Utaratibu

11. Hatua zinakwendaje?

Unaanza na mthamini, si barua. Tafuta mwanachama wa RICS, chama cha wathamini, anayeijua mitaa yenu na kazi hii hasa. Wakili naye awe wa kazi hii. Chama kiitwacho ALEP kina orodha ya wanaoshughulika nayo. Yule aliyekushughulikia viza ya shangazi, hata awe mwema vipi, mwache na viza.

Kisha wakili anatoa notisi ya kifungu cha 42 cha sheria ya 1993. Inataja fleti, lizi, bei unayopendekeza, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, ambayo lazima iwe miezi 2 au zaidi mbele. Bei unayopendekeza iwe na mantiki, kwa maana ukiandika pauni 1 kwa ujanja, notisi inaweza kubatilika. Siku notisi inapotolewa, miaka yako inagandishwa kwa ajili ya hesabu. Mazungumzo yakichukua mwaka mzima, bei bado itahesabiwa kwa siku ile.

Mwenye ardhi anaweza kudai amana, ambayo ni asilimia 10 ya bei uliyopendekeza au pauni 250, ile iliyo kubwa. Una siku 14 za kuilipa. Anaweza pia kuomba uthibitisho kwamba wewe ndiye mwenye lizi, na mthamini wake ataomba kuingia ndani. Halafu anatoa notisi ya majibu: anakubali haki yako au anaikataa, na anataja bei yake. Hapo ndipo bei inapoanza kujadiliwa. Karibu kila mara wathamini wawili wanakutana katikati, lizi mpya inaandikwa, pesa inalipwa, na Masjala ya Ardhi inasajili.

Kama una deni la ada ya huduma, lilipe mapema. Mwenye ardhi ana haki ya kukataa kutia saini mpaka umemaliza.

12. Mwenye ardhi ameniandikia: "Tumalizane wenyewe, haraka na kwa bei nafuu." Nikubali?

Inaweza kuwa sawa. Mikataba mingi ya namna hiyo humalizika vizuri. Ila niliwahi kuletewa barua moja ya hivyo na mama mmoja, imechapwa vizuri, ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema kwa herufi nene, "lizi mpya ya miaka 99". Yeye alikuwa na 75. Kwa hiyo alichokuwa akinunua ni miaka 24, si 99. Ukurasa wa pili, chini, ulisema kodi ya ardhi ingeendelea kwa muda wote wa zamani. Bei iliyotajwa ilikuwa pungufu kidogo tu ya ile ambayo mthamini wetu alikadiria kwa miaka 90 na kodi sifuri.

Soma mambo matatu: nyongeza halisi ni miaka mingapi, kodi ya ardhi inakuwaje, na je, wameingiza masharti mapya ya kutoza ada pale unapopangisha au kuuza. Na kumbuka, njia hii haina saa inayomfunga mwenye ardhi. Anaweza kujadiliana na wewe miezi 8 kisha akajitoa, na humo katikati ukavuka miaka 80. Ukiwa karibu na mstari huo, toa kwanza notisi ya swali la 11, halafu jadilianeni mtakavyo.

13. Tusipokubaliana bei? Na asipojibu kabisa?

Msipokubaliana, kesi inakwenda barazani: England ni kitengo cha mali cha Baraza la Ngazi ya Kwanza, Wales wana baraza lao la lizi. Unaweza kupeleka ombi kuanzia miezi 2 baada ya notisi ya majibu, lakini kabla ya miezi 6 kuisha. Wengi wanapeleka ombi ili kulinda tarehe tu, kisha wanakubaliana kabla ya kusikilizwa.

Asipojibu kabisa hadi tarehe uliyoitaja, una miezi 6 ya kwenda mahakama ya kaunti, na notisi yako ikiwa halali unaweza kupewa lizi kwa masharti uliyoyaandika wewe, pamoja na bei yako. Ndiyo maana wenye ardhi wazoefu hawakosi kujibu.

14. Nikipitwa na tarehe moja?

Notisi yako inahesabiwa umeiondoa. Unabaki na gharama za upande wa pili, unazuiwa kutoa nyingine kwa miezi 12, na ukitoa mpya bei inahesabiwa upya kwa miaka iliyopungua. Tarehe hizi ziandike mwenyewe kwenye simu yako, hata kama una wakili. Mojawapo inayosahaulika: mkishakubaliana masharti yote na lizi isitiwe saini ndani ya miezi 2, una miezi 2 mingine tu ya kwenda mahakamani.

15. Nina mkopo wa nyumba. Benki inahusika?

Ndiyo, ila si kikwazo. Wakili anaiarifu ili rehani yake ihamie kwenye lizi mpya. Wengine huikopa benki hiyohiyo pesa ya kuongezea, kwa kuwa nyongeza inaipandisha thamani dhamana yake.

## Hali za pembeni

16. Nauza, na mnunuzi anataka lizi ndefu. Nani aongeze?

Unaweza kutoa notisi wewe, kisha ukamkabidhi mnunuzi manufaa ya notisi hiyo siku ileile unayomhamishia fleti. Makabidhiano yakichelewa hata kwa siku, notisi inaweza kufa. Mnunuzi sasa anaweza pia kutoa notisi yake mwenyewe bila kusubiri miaka 2, lakini mpaka asajiliwe, na usajili huweza kuchukua miezi. Kama miaka iko 80 na miezi michache, miezi hiyo ndiyo itakayomvusha mstari. Tumieni njia ya kukabidhi.

17. Mwenye ardhi haonekani. Barua zinarudi.

Wakili akishafanya juhudi za kutosha za kumtafuta, unaomba amri ya mahakama ya kaunti. Baraza linapanga bei, pesa inawekwa mahakamani, na lizi inatiwa saini kwa niaba yake. Inachukua muda mrefu, lakini inawezekana.

18. Nilinunua kwa mpango wa benki ya Kiislamu usio na riba. Je?

Hapa simama kidogo. Katika mipango mingi ya ubia unaopungua, yaani unanunua sehemu ya benki kidogo kidogo, jina lililo kwenye Masjala ya Ardhi ni la benki, nawe unakaa kwa makubaliano nayo. Haki ya kutoa notisi ni ya aliyesajiliwa. Kwa hiyo anza kwa kuiandikia benki yako ukiiomba itoe notisi au ikubaliane nawe jinsi ya kuitoa, na nani alipe nini. Fanya hivyo mapema kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa una mlango mmoja zaidi wa kubisha.

19. Sisi wakazi ndio tunaomiliki jengo kupitia kampuni yetu. Bado lizi inanihusu?

Inakuhusu. Kuwa na hisa kwenye kampuni yenye ardhi hakurefushi lizi yako. Mnunuzi na benki yake bado wataangalia miaka iliyobaki. Uzuri ni kwamba mnaweza kukaa kikao, mkakubaliana kuongezeana wote hadi miaka 999 bila kulipana, gharama ikawa ya wakili na usajili tu. Fanyeni mkiwa mnaelewana. Wakazi wakishagombana kuhusu paa, hata saini huwa ngumu kupatikana.

20. Mimi naishi Muscat, fleti iko London. Lazima nije?

Hapana. Sharti la kukaa ndani ya fleti halipo (swali la 5). Tangu mwaka 2014 notisi inaweza kutiwa saini na wakili wako kwa niaba yako. Lizi yenyewe ni hati inayohitaji shahidi, kwa hiyo ama unasaini huko mbele ya shahidi, ama unampa mtu uwakili kwa hati iliyoandaliwa na wakili wa England. Hakikisha pia anwani yako kwenye Masjala ya Ardhi ni ya sasa. Nimeona notisi za mwenye ardhi zikirundikana mlangoni kwa mpangaji ambaye hajui hata mwenye fleti ni nani.

21. Baba amefariki, fleti ni ya mirathi na imebaki miaka 80 na kidogo.

Pole sana. Mwambie wakili wa mirathi habari ya miaka hiyo katika kikao cha kwanza, kabla ya habari ya kugawana. Msimamizi wa mirathi au mrithi akishasajiliwa, hana haja ya kungoja miaka 2, ila usajili wenyewe unategemea hati ya mahakama, na ndugu wanapokuwa wametawanyika Mombasa, Toronto na Leicester hati hiyo huchelewa.

22. Nina umiliki wa sehemu tu, nyingine ni ya shirika la nyumba.

Kijadi, haki ya 1993 imekuwa ikiwafikia waliokwisha kununua asilimia 100. Wengine huliomba shirika, na mengi yana utaratibu wake wa hiari. Uliza bei kwa maandishi, kisha isome kwa jicho la swali la 12.

23. Badala ya kuongeza mmoja mmoja, tunaweza kulinunua jengo?

Mnaweza, ikiwa angalau nusu ya fleti zote zinashiriki, na jengo lenyewe linatimiza masharti. Mkishalimiliki, mnaongezeana lizi kama ilivyo swali la 19, na wakala wa jengo mnamchagua wenyewe. Lakini kukusanya majirani 12 na pesa zao huchukua muda, na lizi ya kila mmoja inaendelea kupungua. Mwenye miaka 81 atoe notisi yake binafsi kwanza. Ushauri wa bure kabla ya kulipa mtu yeyote unapatikana kwa Leasehold Advisory Service, taasisi inayogharamiwa na serikali. Ukiwapigia, uwe na rejista yako ya pauni 7 mkononi, kwa sababu swali lao la kwanza litakuwa tarehe iliyoandikwa humo.